Mwendo Usiomwaga Maziwa

Kiwandani, lawama ya kwanza huiangukia spidi. Bidhaa ikimwagika, mkanda ukikatika au beringi ikianza kulia, utasikia kwamba mashine inakimbia mno. Mara nyingi spidi inasingiziwa. Mwendo ulionyooka uliokwisha kutulia kwa kawaida hautikisi mzigo, hata ukiwa mkubwa. Madhara mengi hutokea pale mwendo unapobadilika, yaani mashine inapoondoka na inaposimama. Fundi anayeseti mota za sevo kazi yake iko hapo, nami naandika kumsifu.

Mota ya sevo hujichunguza yenyewe. Nyuma yake kuna enkoda inayosoma mhimili umefika wapi. Draivu, yaani kifaa kinachoilisha mota umeme, hulinganisha mahali hapo na mahali ilipoagizwa, mara maelfu kwa sekunde, huku ikirekebisha umeme unaokwenda kwenye mota. Ni mtumishi mtiifu kupita kiasi. Ukiiamuru irukie mwendo mkubwa papo hapo, itajaribu kweli, na giaboksi itagonga mpaka fremu itetemeke. Kwa hiyo fundi huipa rampu: muda wa kupandisha mwendo na muda wa kuushusha.

Chukua mashine ya kujaza mtindi, kwa kuwa hapa Arusha, kuanzia Tengeru hadi juu kwenye miteremko ya Mlima Meru, ng'ombe wa maziwa wamo mpaka uani mwa watu. Maziwa hujazwa vikombeni yakiwa bado majimaji, kisha vikombe husogezwa hatua ya sentimita 20 kwenda kufungwa kwa foili. Tone likirukia ukingoni, foili haishiki. Kijana anayeendesha mashine akiona hivyo husema, "Fundi, punguza spidi." Fundi mzoefu humjibu, "Spidi haina kosa, mdogo wangu. Tuangalie inavyoondoka." Anaiacha skrini na kuinama mpaka macho yake yalingane na uso wa maziwa.

Anatafuta mdundo. Katika kikombe chenye kipenyo cha sentimita 6, maziwa yakisukumwa huyumba kwenda na kurudi kwa karibu robo sekunde. Mwendo wa nusu mita kwa sekunde ukipandishwa ndani ya robo sekunde hiyohiyo, maziwa hupanda upande mmoja wa kikombe na kurudi, na msukumo hukoma wakati uleule yanapofika mahali pake. Wimbi linazimika. Sasa refusha rampu mara moja na nusu, kwa nia njema ya kuongeza upole. Msukumo utakoma wimbi likiwa limefika juu kabisa, nayo maziwa yataendelea kupiga ukingo baada ya mwendo kutulia. Tumelelewa tukiambiwa kwamba haraka haraka haina baraka. Kikombe hiki kinatuonyesha kuwa hata polepole haibarikiwi bila hesabu.

Spidi nayo ina hesabu yake. Mwendo ukiongezeka kwa mita 2 kwa sekunde kila sekunde, kikombe kitafika katikati ya zile sentimita 20 kikiwa kwenye sentimita 63 hivi kwa sekunde, na hapo ni lazima kianze kupunguza ili kisimame panapotakiwa. Hata ukiandika mita 2 kwa sekunde kwenye nafasi ya spidi, mashine haitazifikia kamwe. Anayetaka vikombe vingi zaidi kwa saa na aguse rampu.

Rampu iliyonyooka bado ina kona zake, kwa sababu nguvu huingia yote kwa mara moja na kutoka vivyo hivyo. Abiria aliyesimama kwenye hiace ya Ngaramtoni anaifahamu tofauti hiyo: breki hiyohiyo, dereva mmoja huikanyaga ghafla, mwingine huiingiza taratibu na kuiachia kidogo kabla gari halijasimama. Draivu nyingi huruhusu kona hizo zilainishwe, rampu ikawa na umbo la herufi S. Ila kuna gharama. Ukilainisha rampu yote bila kuongeza muda, nguvu inayohitajika katikati huwa mara mbili. Wimbi la maziwa nalo hubadilika, na fundi hulazimika kuinama tena.

Arusha ina sharti lake. Vitabu vya draivu nyingi huahidi nguvu kamili mpaka mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kisha hupunguza karibu asilimia 1 kwa kila mita 100, kwa sababu hewa nyepesi hupoza vibaya. Mji huu uko karibu mita 1,400. Ubaridi wa Julai husaidia, lakini rampu kali iliyokwenda vizuri Dar es Salaam inaweza kuchosha draivu hapa. Kusimama nako si kuondoka kwa kinyume tu. Mota inapofunga breki hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye draivu. Usipopata pa kwenda, kwa mfano kwenye rezista ya kuuchoma uwe joto, volti hupanda na mashine inatripu, yaani inajizima. Ndiyo maana muda wa kushusha mwendo huandikwa peke yake.

Mji una mahali pa kujifunzia haya. Chuo cha Ufundi Arusha kilianzishwa 1978 kwa msaada wa Ujerumani, na TEMDO, taasisi ya kubuni mitambo, iliundwa kwa sheria ya 1980. Darasani mwanafunzi hupata kanuni: nguvu ni tungamo la kitu mara kiasi mwendo wake unavyoongezeka kila sekunde. Kinachobaki ni tabia ya kuuliza, kabla ya kugusa namba yoyote, kitu hiki kina uzito gani na kikisukumwa hufanya nini. Kwa hiyo mwenye kiwanda anayemlipa fundi kwa saa alizokaa akitazama kikombe asidhani amelipia uvivu. Kutazama huko ndiyo kazi yenyewe. Kuandika namba huchukua dakika moja.