Sifa za Programu ya Jioni Moja

Kila mraba wa gridi una majirani wanane. Mraba ulio hai ukiwa na majirani hai wawili au watatu, unaendelea kuishi. Wakipungua unakufa kwa upweke, wakizidi unakufa kwa msongamano. Mraba mfu ukizungukwa na majirani hai watatu kamili, unazaliwa. Basi. Hiyo ndiyo sheria nzima ya Mchezo wa Maisha, na anayejua kuandika programu kidogo anaweza kuukamilisha baada ya chakula cha jioni na bado akalala mapema.

Wepesi huo ulitafutwa kwa jasho. John Conway, mwanahisabati wa Cambridge, Uingereza, pamoja na wenzake walijaribu sheria nyingi kwa mkono, wakipanga kete juu ya ubao wa mchezo wa Go. Alitaka sheria isiyoua kila kitu mara moja, isiyoacha kila kitu kijae ovyo, na ambayo mwisho wake haubashiriki kirahisi. Oktoba 1970 mwandishi Martin Gardner akaitangaza katika jarida la Scientific American.

Kabla ya kugusa kompyuta, namshauri kila anayeanza acheze kwa vizibo vya soda juu ya ubao wa drafti. Panga vitatu kwa mstari. Cha kati kina majirani wawili, kiishi. Vya pembeni vina jirani mmoja mmoja, vife. Juu na chini ya kile cha kati kuna miraba mitupu yenye majirani watatu, hapo pazaliwe. Mstari uliolala umesimama, na kizazi kijacho utalala tena. Ila usiondoe hata kizibo kimoja kabla ya kuhesabu ubao wote. Kinachokufa kiwekee kizibo cha pili juu yake, kinachozaliwa kiweke kifudifudi, ndipo ubadilishe vyote kwa pamoja. Gardner aliwafundisha wasomaji wake njia kama hiyo kwa kete nyeusi na nyeupe.

Humo ndimo ulimo ufundi wa programu yenyewe. Ukiubadilisha mraba papo hapo, jirani yake atahesabu mambo ya kesho kana kwamba ni ya leo, na dunia yote itaharibika bila kompyuta kulalamika. Kwa hiyo weka gridi mbili, moja ya kusoma na moja ya kuandika. Kizazi kikiisha, zibadilishane kazi. Kwenye kingo mimi huunganisha kulia na kushoto, juu na chini, ili pasiwe na mraba wenye majirani pungufu. Rangi na vitufe hunisumbua kidogo sana. Nukta nyeusi juu ya weupe zinatosha.

Halafu washa. Kuna umbo la miraba mitano linalofanana na herufi F; katika uwanja usio na mwisho huchemka mpaka kizazi cha 1103 ndipo litulie. Richard Guy, mwenzake Conway, alikuwa akilifuatilia umbo hilo alipoona kipande kidogo, nacho cha miraba mitano, kikijitenga na kwenda zake. Ni glaida: kila vizazi vinne husogea mraba mmoja kimshazari. Pekua programu yako yote, hutakuta mstari unaoagiza chochote kitembee. Umeandika kuzaliwa, kuishi na kufa tu, tena kila neno umeliandika wewe. Furaha hiyo sijaipata katika programu kubwa za kazini.

Hata Conway ilibidi aonyeshwe. Alidhani hakuna umbo litakalokua bila kikomo, akaahidi dola 50 kwa atakayethibitisha au kukanusha. Kabla ya mwaka 1970 kwisha, Bill Gosper na wenzake wa chuo cha MIT walikuwa na mzinga unaofyatua glaida mpya kila baada ya vizazi 30, bila kukoma.

Nawe ukishamaliza, ongeza tarakimu moja: mraba mfu uzaliwe pia ukiwa na majirani sita. Ni badiliko la sekunde chache. Katika dunia hiyo mpya kuna umbo dogo linalojinakili lenyewe, na nakala zake nazo zinajinakili.