Hita Ilikuwa Nzima: Ubovu wa Mashine ya Vyombo Ulivyopatikana Buswelu

Mashine ya kuoshea vyombo ikitoa sahani zenye mafuta, za baridi na zinazochuruzika maji, mwenye nyumba huhesabu matatizo matatu, na fundi asiyeizoea hutaja kifaa kimoja: hita. Katika nyumba moja ya Buswelu, wilayani Ilemela, hita mpya ilishaulizwa bei dukani kabla ya mtu yeyote kuipima ile iliyomo. Ilipopimwa, ilikutwa nzima. Njia iliyofuatwa mpaka chanzo kikapatikana inastahili kuchambuliwa, kwa sababu ubovu wenyewe ulikuwa nje ya mashine.

Tangu Josephine Cochrane wa Illinois, Marekani, alipopata hataza ya mashine yake mwaka 1886, kanuni ni ileile: vyombo vinatulia, maji yanavipiga kwa nguvu. Mashine ya kisasa huingiza lita tatu au nne tu kwa mkupuo. Pampu huyazungusha maji hayo tena na tena kupitia mikono yenye matundu, huku hita ikiyapasha mpaka nyuzi 50 hadi 70 kulingana na programu. Kukausha nako kunategemea joto hilohilo. Mashine nyingi hazina feni. Suuza ya mwisho hufanywa kwa maji moto, vyombo hubaki na joto, unyevu hupanda kama mvuke na kugeuka matone kwenye kuta za chuma, kisha hutiririka chini. Maji yasipopata moto, mafuta hayang'oki na vyombo havikauki.

Tena hita ina mlinzi. Bodi ya kielektroniki ya mashine haiiruhusu kuwaka mpaka kihisio kithibitishe kwamba maji yaliyoingia yanatosha, isije ikaungua ikiwa kavu. Ndiyo maana ukaguzi huanzia kwenye maji, ingawa lalamiko ni la joto.

Hapa, kwa kuwa hita ndiyo iliyoshukiwa, ilitangulia kupimwa ili ugomvi uishe. Plagi ilichomolewa, nyaya za hita zikatolewa, malitimita ikasoma ohmu 27. Hita ya wati 2,000 kwa umeme wa volti 230 inapaswa kusoma ohmu 26 hivi, na iliyokatika haionyeshi njia kabisa. Kati ya hita na mwili wa mashine hapakuwa na mvujo wa umeme.

Mashine ikawashwa na kusikilizwa. Pampu ilikuwa inakoroma, dalili kwamba inavuta hewa pamoja na maji. Mlango ulipofunguliwa katikati ya kazi, maji yalikuwa chini ya chujio la sakafuni mwa mashine, hayajalifunika. Koki ikafungwa, bomba la kuingizia likafunguliwa, na pale linapoungana na koki kikaonekana kichujio kidogo cha wavu: kimejaa tope laini na nyuzinyuzi nyeusi za plastiki, mabaki ya simtanki inayoilisha nyumba hiyo ilipotobolewa kuwekewa viungio. Hakuna aliyejua kwamba kichujio hicho kipo.

Kuziba huko peke yake kusingeleta shida kubwa kama presha ingekuwa nzuri. Hesabu yake ni nyepesi: maji yakiwa mita 10 juu ya mashine, presha ni karibu bari 1. Simtanki iliyo juu ya mnara wa mita tatu, kama ya nyumba hii, inatoa bari 0.3 hivi, na mashine nyingi hutaka kuanzia bari 0.3 hadi 0.5. Kwa hiyo mashine ilikuwa inaishi ukingoni, na uchafu kidogo tu ulitosha kuiangusha. Kichujio kikasafishwa, na kati ya tanki na jiko ikafungwa pampu ndogo ya kuongeza presha. Mkoromo ukaisha, maji yakawa moto.

Ila jioni mashine iliendelea kusuasua. Soketi ilipopimwa saa moja usiku, ilikuwa na volti 180. Hita haipungui nguvu sawasawa na volti, hupungua zaidi. Kwa volti 180, ile ya wati 2,000 hutoa wati 1,225 tu, yaani karibu asilimia 40 ya joto imepotea. Kupasha lita nne kutoka nyuzi 24 hadi 65, kazi ya dakika sita, huchukua zaidi ya tisa, kabla ya kuhesabu joto linalomezwa na vyombo vyenyewe. Mashine inayoenda kwa saa haisubiri. Husonga mbele na maji ya uvuguvugu. Hapa waliamua kuiwasha usiku wa manane. Anayetaka stabilaiza anunue inayobeba mzigo huo, kwani ile ndogo ya friji itazidiwa.

Ukishamaliza maji na umeme, ndipo uangalie mambo ya jiko. Kanda ya Ziwa chujio hukusanya magamba ya sato, miiba na vichwa vya dagaa, na wanga wa ugali huganda kwenye matundu ya mikono; njiti na maji ya moto vinatosha. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, hivyo kipimo cha chumvi ya mashine kiwekwe chini kabisa na sabuni ipunguzwe. Ikizidi, povu huingia kwenye pampu na glasi hufifia. Glasi yenye ukungu ifute kwa siki: ukitoka, ni chokaa, jambo la kutarajia zaidi kwa anayetumia kisima, usipotoka, glasi yenyewe imeliwa na hairudi.

Vyombo vya plastiki vikibaki na matone, usimwite fundi. Plastiki haihifadhi joto la kujikausha. Fungua mlango kidogo programu ikiisha. Kwa mengine yote, fuata mpangilio wa gharama: ndoo ya kupimia maji ya koki na sikio kwanza, kisha kichujio, kisha malitimita. Hita na bodi ndivyo vya ghali kuliko vyote, na kwa nyumba inayotegemea tanki la mnara mfupi, fedha hiyo mara nyingi ingefanya kazi zaidi ikipelekwa kwenye mnara.