Boroni na mtambo wa taka za seli

Kila seli hutengeneza protini na kuzivunja. Iliyoharibika hubandikwa alama ya ubikwitini, kisha huingizwa kwenye proteasomu, mtambo wenye umbo la pipa, ikakatwakatwa humo. Kuuziba mtambo huu ili kuua saratani ni wazo la hatari, maana seli zisizo na ugonjwa nazo zinautegemea. Ndiyo sababu safari ya bortezomib, dawa inayouziba, inastahili kuangaliwa kwa karibu.

Saratani haikuwa hata lengo la kwanza. Alfred Goldberg wa Chuo Kikuu cha Harvard alichunguza kinachoyeyusha misuli ya wagonjwa, na kampuni iliyoanzishwa mwaka 1993 kutokana na kazi hiyo ilitafuta dawa ya kuinusuru. Molekuli za mwanzo, za jamii ya aldehaidi, ziliziba proteasomu vizuri, lakini zilinasa pia vimeng'enya vingine vinavyokata protini kwa kutumia salfa. Mkemia Julian Adams na wenzake wakaondoa ncha ya aldehaidi, wakaweka boroni. Hapo kazi ikakaa sawa, na bortezomib ikazaliwa. Boroni huvutwa na oksijeni zaidi kuliko na salfa, na proteasomu hukata kwa treonini, asidi amino ambayo ncha yake tendaji ni oksijeni. Boroni huishika barabara, kisha huiachia polepole.

Kwa maoni yangu, ratiba ya dawa ina uzito sawa na molekuli yenyewe. Mgonjwa huchomwa siku ya 1, 4, 8 na 11, halafu hupumzika siku 10. Katikati ya sindano mtambo hurudi kazini, na seli nyingi hustahimili. Seli za myeloma, saratani ya uboho, hazina nafasi hiyo: zinamwaga kingamwili kwa wingi mno, taka zinajaa upesi, zinakufa. Katika jaribio la awali la daktari Robert Orlowski, kati ya wagonjwa 9 wa myeloma waliotathminiwa kikamilifu, mmoja hakubaki na dalili ya ugonjwa kwenye vipimo. Mei 2003 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha dawa hiyo.

Carfilzomib, dawa ya aina hiyo iliyofuata mwaka 2012, haiachii kabisa. Seli hulazimika kuunda proteasomu mpya, na dawa hiyo pia hutolewa kwa vipindi vya mapumziko.

Bortezomib ilibaki na adha moja kubwa, ganzi na maumivu ya miguu na mikono. Mwaka 2011 watafiti walionyesha kwamba ikichomwa chini ya ngozi badala ya kwenye mshipa, adha hiyo hupungua na nguvu ya dawa hubaki ileile.