Shujaa Mmoja na Wawili Wasio na Majina

Tumezoea kuhakiki riwaya na tamthiliya. Safari hii hebu tutazame matini fupi sana: maelezo ya nishani ya Victoria Cross aliyotunukiwa Sajini Nigel Leakey, yaliyotoka katika London Gazette tarehe 15 Novemba 1945. Mwenyewe alikuwa ameshakufa tangu tarehe 19 Mei 1941.

Leakey alikuwa mtoto wa walowezi, mzaliwa wa Kenya mwaka 1913. Lakini kikosi kilikuwa chetu: Batalioni ya 1/6 ya King's African Rifles, ile ya Tanganyika. Huko Colito, kusini mwa Ethiopia, askari walikuwa wamevuka mto Billate vifaru vya Waitaliano vilipowatokea ghafla. Leakey akarukia kimoja, akafungua kifuniko kwa nguvu, akawapiga risasi waliomo isipokuwa dereva, akamlazimisha aendeshe. Mzinga wake ukagoma. Basi akashuka, akavifuata vingine kwa miguu, na akiwa juu ya kifaru akapigwa risasi.

Kifani matini imefaulu. Vitenzi vinakimbizana, na sifa kubwa kubwa zimewekwa mwishoni, baada ya msomaji kuona vitendo. Waandishi wetu wengi wangeanza na sifa!

Kasoro iko kwenye maudhui. Kumbe Leakey hakuvinyemelea vile vifaru peke yake. Alikuwa na sajini meja Mwafrika na askari mwingine. Ndivyo walivyotajwa, kwa cheo tu. Halafu tunaambiwa kwamba ushujaa wa Leakey uliwatia askari moyo. Yaani watu waliokuwa naye mbele ya vifaru wanageuzwa watazamaji wa kutiwa moyo!

Mtu atasema nishani ni ya mmoja, nafasi haitoshi. Mimi sikubali. Jina ni maneno mawili tu. Hemedi bin Abdallah, katika utenzi wake wa vita vya Wadachi, alimtaja Bushiri kwa jina ingawa alishindwa na kunyongwa. Simpunguzii Leakey chochote. Aliyoyafanya aliyafanya, na jina lake limo katika ukumbusho wa Nyeri kwa kuwa kaburi lake halijulikani.

Ila huku kwetu Dodoma ukitajiwa sajini meja, swali la kwanza ni: wa wapi, mtoto wa nani? Kila nikifika kwenye sentensi ile nasimama. Alirudi Songea, Tabora, au hapa Kondoa? Au hakurudi? Matini imeshaondoka na kifaru cha tatu.