"Ali, boma ye": Sinema ya Shindano la Kinshasa

Katika sinema zote zinazoeleza mchezo wa ngumi, iko moja inayotuhusu sisi Wakongomani kuliko nyingine. Jina lake ni When We Were Kings, maana yake "Tulipokuwa Wafalme". Ilitengenezwa na Mmarekani Leon Gast, ikatolewa mwaka 1996, ikapata tuzo ya Oscar. Yaonyesha shindano la Kinshasa la tarehe 30 Oktoba 1974, nchi yetu ilipoitwa Zaire, bingwa wa dunia George Foreman alipopigania ubingwa wake mbele ya Muhammad Ali.

Kwanza tuseme mema yake. Sinema hii yaeleza vizuri kwa nini watu walimhofia Ali. Foreman alikuwa kijana wa miaka 25, amepigana mara 40 bila kushindwa. Joe Frazier na Ken Norton, ambao wote wawili walikuwa wamemshinda Ali, yeye aliwamaliza kila mmoja katika raundi ya pili. Ali alikuwa na miaka 32, naye alinyang'anywa ubingwa mwaka 1967 kwa kukataa kwenda katika vita ya Vietnam. Wahenga walisema, Mwenye nguvu mpishe. Ali aliegemea kamba, akajikinga uso kwa mikono, akamwacha bingwa apige mpaka nguvu zimwishie. Katika raundi ya nane akamwangusha. Somo hilo la subira latazamwa kwa furaha.

Lakini ziko kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba wasemaji wakubwa ni wageni, hasa waandishi Norman Mailer na George Plimpton. Watu wa Kinshasa twawaona zaidi wakikimbia nyuma ya Ali na kupiga kelele.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni kelele zenyewe. Watu waliimba, "Ali, boma ye!" Katika Kiswahili boma ni ngome au ua, katika Kilingala koboma ni kuua. Basi walisema, "Ali, mwue!" Sinema yaichukua sauti hiyo kama wimbo wa sherehe, mtazamaji naye hujikuta akiiimba. Lakini Foreman alikuwa amewakosea nini? Alikuja na mbwa mkubwa aliyewakumbusha watu mbwa wa polisi wa Wabelgiji. Hakuzoea kucheka na watu kama Ali. Hayo yalitosha kumfanya adui, ingawa naye alikuwa Mmarekani mweusi kama mwenzake.

Tena tukumbuke mahali penyewe. Uwanja ule ulioitwa wakati huo 20 Mai, leo waitwa Tata Raphaël, kwa heshima ya Padre Raphaël de la Kethulle, mmisionari wa Scheut, aliyewajengea vijana wa mji ule viwanja ili wakue katika afya na adabu. Mahali hapo ndipo maelfu walipoomba mtu auawe. Wengi wao, bila shaka, walitaka ushindi tu. Hata hivyo, neno huzoeza moyo.

Sasa yatazameni vema mapigo ya mwisho. Foreman alipokuwa akianguka, mkono wa kuume wa Ali ulikuwa tayari kumpiga tena, na uso wa mwenzake ulikuwa wazi. Hakupiga. Aliizuia ngumi yake mpaka mwingine akafika chini. Yeye aliyeambiwa "mwue" ndiye aliyekataa kuzidisha.

Matunda yake yalionekana baadaye. Foreman akawa mhubiri, na mwaka 1994, akiwa na miaka 45, akaupata tena ubingwa. Mwaka 1997, sinema hii ilipopewa tuzo, Ali alikuwa amedhoofishwa na ugonjwa wa kutetemeka; Foreman alimsaidia kupanda jukwaani. Ali alifariki mwaka 2016, Foreman mwaka 2025, wakiwa wamekwisha kuwa marafiki zamani.

Sisi wa Kitshanga hatuna ruhusa ya kulisikia neno "mwue" kama mchezo. Tuliona vita mwaka 2013, tukaona tena mwaka 2023, nyumba zikaungua, watu wakakimbia na watoto mgongoni. Kabla ya bunduki kulia, kwanza yalisemwa maneno juu ya jirani, na wengine waliyaimba kwa kucheka.

Kwa hiyo, ninyi wazazi na walimu, sinema hii msiwakataze vijana. Itazameni pamoja nao. Ikiisha, waulizeni swali hili: ni nani aliyeshinda zaidi usiku ule, mkono uliopiga, au mkono uliojizuia? Waacheni wajibu wenyewe.