Kusadikika na Matuta ya Uluguru

Wahakiki wengi wa Kusadikika (1951) wameishia kwenye dhamira ile ile: Shaaban Robert aliufumba ukoloni ndani ya nchi ya angani. Sawa. Lakini riwaya hii inamhusu pia msomaji ambaye sisi watu wa fasihi hatumjali, yaani mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi wa umwagiliaji pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, chini ya milima ya Uluguru.

Wahandisi hawa hufundishwa stadi za mawasiliano: kuandika ripoti, kunukuu vyanzo, kuwasilisha kazi mbele ya darasa. Nani atabisha kwamba zina maana? Ila wengi huzisoma ili wafaulu mtihani, basi. Kusadikika inatuonyesha ripoti inapofika mahali isipotakiwa. Wajumbe sita, akina Buruhani na Amini, wanakwenda nchi za jirani, wanarudi na maarifa, wanaishia gerezani. Karama anayaeleza yale yale mbele ya mfalme, siku baada ya siku, kwa mpangilio na ushahidi, na anasikilizwa. Maarifa ni yale yale. Kilichobadilika ni namna ya kuyatetea. (Kifani, tukubali jamani, mjumbe wa nne akifika msomaji ameshaanza kusinzia.)

Hata hivyo, natofautiana na mwandishi mahali pamoja. Wajumbe wake wanaleta mema kutoka nje, lakini hatusikii Msadikika wa kawaida akiulizwa anataka nini. Sasa tazama Uluguru miaka hiyo hiyo. Serikali ya kikoloni, kwa kuogopa mmomonyoko wa udongo, iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko mikali. Kwenye karatasi mpango ulikuwa safi kabisa! Kumbe udongo wa juu huko ni mwembamba. Ukichimba ngazi, unafukia wenye rutuba na kuibua usio nayo. Jasho jingi, mavuno haba. Wakulima walilalamika, mabwana shamba wakashikilia maagizo. Julai 1955 ghasia zikazuka Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango ukafa.

Katika kisa hiki mtaalamu siye Karama. Mtaalamu ni Majivuno, na Karama ni bibi mwenye jembe. Bibi huyo hoja zake anazitoa kwa Kiswahili au Kiluguru, wakati mhandisi wetu stadi zake anafundishwa kwa Kiingereza. Na ndiye atakayetumwa kwenye vyanzo vya Ruvu, mto unaoinywesha Dar es Salaam. Mimi ningempa Kusadikika wiki ya kwanza, pamoja na zoezi moja: aandike upya sura ya mjumbe mmoja, safari hii wenyeji wawe ndio wanaohoji. Je, walimu wetu wa fasihi watakubali kusahihisha?