Mjerumani Aliondoka, Ukoloni Ukabaki

Katika madarasa ya siasa, hata huku kwetu Kisiba, historia ya Rungwe hugawanywa mafungu mawili: enzi ya Mjerumani na enzi ya Mwingereza. Mgawanyo huu una kasoro. Humfanya mwanafunzi aamini kwamba kubadilika kwa bwana ni kubadilika kwa mfumo.

Tutazame mambo yalivyokuwa. Mei 1916, majeshi ya Jenerali Northey yaliyotoka Nyasaland yaliiteka Neu Langenburg, yaani Tukuyu. Bendera ikashushwa, nyingine ikapandishwa. Lakini kodi ya nyumba aliyoianzisha Mjerumani haikuondoka naye. Mwaka 1922 Mwingereza aliiongezea kodi ya kichwa. Mkulima hakuulizwa. Mabeberu ndivyo walivyo: mwaka 1917 Denmark iliiuzia Marekani visiwa vyake vya Karibi kwa dola milioni 25, na kura rasmi ilipigwa Denmark, si visiwani.

Je, hapakuwa na tofauti yoyote? Ilikuwapo. Chini ya udhamini, Uingereza ilipaswa kutoa maelezo kwa Umoja wa Mataifa. Mwaka 1955 Mwalimu Nyerere aliutumia mlango huo kule New York kwa niaba ya TANU. Lakini mlango peke yake haukumkomboa mtu. Umma uliojipanga ndio uliopita.

Kwa hiyo, ndugu makada, tusiishie kuuliza nani alitawala. Tuulize nani alitoza, nani alitozwa, na jasho lilikwenda wapi. Asiyeuliza hayo atashangilia sura mpya huku mzigo ukibaki mgongoni.